Kaka alifariki homa iliposhuka, na familia yangu inamlaumu wifi

Barua

Mama Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Bombo, Uganda, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto watano. Jambo ninalokuandikia siwezi kulisema kwa mama yangu wala kwa mume wangu kabla ya kujua litamjenga nani na litambomoa nani.

Kaka yetu mkubwa alikuwa dereva wa trela. Kwa miaka mingi aliendesha njia ya Mutukula hadi Dar es Salaam, kisha akahamia njia ya Malaba hadi Mombasa, akaoa huko na kuweka nyumba. Ameacha watoto wawili: binti wa miaka minane, na mvulana wa miaka mitano ambaye ana sikoseli. Kaka alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mwenye presha, na dawa zake alizinywa akizikumbuka. Mwaka 2014, dengue, ile homa inayoenezwa na mbu, ilipozagaa Dar es Salaam, aliugua na kulala wiki nzima katika nyumba ya wageni ya madereva, kisha akapona na kurudi barabarani.

Msimu wa mvua uliopita dengue ilikuwa Mombasa. Kaka alirudi nyumbani kutoka safarini akilalamika kichwa, macho na viungo. Wifi alimpeleka hospitali siku ya pili. Walimpima malaria, haikuwepo. Wakampima dengue, wakamwambia anayo. Alipewa parasetamoli, akaambiwa anywe vinywaji kwa wingi, asiguse dawa nyingine yoyote ya maumivu, na arudi kila siku kupimwa damu. Siku za mwanzo alirudi. Siku ya tano homa ilimwacha. Alioga, akaomba uji, akampigia mama simu na kumwambia, "Mama, nimepona, niombee dua nirudi kazini." Mama anayakumbuka maneno hayo kila siku na kuyarudia kwa kila anayekuja kumpa pole.

Yaliyofuata mama hayajui. Jioni ile kaka alianza kutapika na kushika tumbo. Wifi alimwambia warudi hospitali, akakataa. Tajiri alikuwa amepiga simu, mzigo ulikuwa unasubiri bandarini, na siku moja kabla kaka alikuwa amekwenda kwenye duka la dawa akachomwa sindano ya diklofenaki ili mgongo utulie aweze kushika usukani. Alimwambia wifi, "Homa imekwisha, kwa nini tupeleke pesa hospitali?" Usiku mikono yake ilikuwa baridi na hakuweza kusimama. Majirani walisaidia kumbeba, wakafika, lakini alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Alizikwa Mombasa siku hiyohiyo. Mama alikuwa bado hajafika hata Malaba.

Haya wifi alinieleza mimi peke yangu baada ya arobaini, akaniapisha nisiyatoe. Hataki watu waseme kwamba marehemu alijiua mwenyewe, na hataki kumharibia mama maneno ya mwisho ya mwanawe.

Sasa katika kikao cha familia wifi anahukumiwa bila kuwepo. Wanasema alimnywesha maji ya majani ya mpapai yakamchoma tumbo. Wanasema alimwacha mgonjwa alale nyumbani. Baba mdogo anasema kaka hakutoka damu hata tone, kwa hiyo haikuwa dengue, na kwamba angetundikiwa dripu tangu siku ya kwanza angekuwa hai. Wameamua mama na baba mdogo waende Mombasa kuwachukua watoto na kuwaleta Bombo, kwa hoja kwamba kule kuna homa inayoua na mama yao hajui kuuguza. Wifi bado yuko katika eda.

Mama ana miaka 67, ana kisukari na presha, na hunywa aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo. Mume wangu anasema nisiingilie mambo ya kwetu. Nisipozungumza, wifi anaweza kunyang'anywa watoto kwa kosa ambalo huenda si lake. Nikizungumza, nitakuwa nimevunja kiapo na kumtwika marehemu lawama ambayo hawezi kuijibu. Na juu ya yote, mama anakwenda mahali palipomwua mwanawe. Je, kweli wifi alikosea? Nifanye nini?

Dada wa Marehemu, Bombo

Majibu

Dada yangu mpendwa, wa alaykum salaam. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana kwa kuondokewa na kaka, na pole kwa kubeba peke yako neno ambalo kila aliyeketi katika kile kikao angetaka kulisikia.

Nikikusoma vizuri, una mambo matatu yaliyosukwa pamoja: namna kaka alivyofariki, kiapo ulichompa wifi, na safari ya mama. Naona yote yanarudi kwenye saa chache za jioni ile ya siku ya tano. Familia inaamini kwamba palikuwa na mtu aliyekiona kifo kikija akanyamaza. Wao wanasema ni wifi, na wewe, kwa siri uliyopewa, unaogopa kwamba ni kaka mwenyewe. Kabla ya kuchagua kati ya hao wawili, ningependa tuutazame ugonjwa wenyewe, kwa sababu dengue haifuati mwenendo wa homa ambao sisi watu wa Uganda tumeuzoea.

Sisi tumelelewa na malaria. Tunajua kwamba homa ikipanda ni hatari na ikishuka ni nafuu, na kila mama wa hapa amewahi kukesha akimkanda mtoto mpaka jasho litoke, kisha akalala kwa amani. Kwa dengue, saa za hatari mara nyingi huanza wakati homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba tangu mtu aanze kuugua, na huendelea kwa siku moja au mbili. Katika kipindi hicho, kwa wachache wanaozidiwa, kuta za mishipa midogo ya damu hulegea na maji ya damu huanza kuvuja kuingia tumboni na kifuani, kama mtungi mpya wa udongo unaotoa maji bila kuonyesha ufa. Damu inayobaki ndani huwa nzito, presha huanguka, na viungo hukosa damu. Ndiyo maana hospitali ilimtaka arudi kila siku hata kama anajisikia vizuri: walitaka kuona kama damu inazidi kuwa nzito na kama chembe zinazogandisha damu zinapungua kwa kasi.

Kutokana na hilo, hoja ya baba mdogo kwamba hakutoka damu kwa hiyo haikuwa dengue haisimami. Kutokwa damu kwenye fizi, puani au katika choo ni dalili ya hatari, lakini wengi wanaokufa kwa dengue hufa kwa sababu ya kuvuja huku kwa ndani na presha kuanguka, na mtu anaweza kufikia hapo bila tone kuonekana nje. Dalili zinazotangulia ni hizo ulizoziandika mwenyewe: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, mikono na miguu kuwa baridi, na udhaifu wa ghafla. Zipo pia kupumua haraka, kukaa muda mrefu bila kwenda haja ndogo, na kukosa utulivu.

Hapo kwenye kukosa utulivu naomba tusimame kidogo, maana nadhani panagusa siri yako. Umeandika kwamba kaka "alikataa", na neno hilo limekaa moyoni mwako kama kosa lake. Lakini waganga wa hospitali wanaouguza dengue huonywa kwamba mgonjwa ambaye presha yake imeanza kuporomoka anaweza kubaki macho, akazungumza kwa ufasaha na kujibu kila swali, hata mganga mwenyewe akadanganyika kuhusu hali yake. Wengine huwa wakali, wabishi na wenye haraka, kwa sababu ubongo umeanza kukosa damu ya kutosha. Siwezi kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa kaka. Nasema tu kwamba mtu aliyemjibu wifi jioni ile alikuwa mgonjwa sana ambaye mwili wake ulikuwa umempa taarifa ya uongo kwamba amepona, na wifi naye aliona mbele yake mume aliyetoka kuoga, aliyekunywa uji, anayezungumza kama kawaida yake. Tuna haki gani ya kudai kwamba mmoja wao alipaswa kujua zaidi ya alivyojua?

Tena kaka aliingia katika ugonjwa huu akiwa tayari amebeba mizigo kadhaa. Mzito zaidi huenda ni ule wa mwaka 2014. Virusi vya dengue viko vya aina nne, na anayeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo tu. Akiambukizwa aina nyingine miaka ya baadaye, kinga ya zamani inaweza kuvishika virusi vipya bila kuviua, na badala yake ikavirahisishia njia ya kuingia katika chembe za mwili. Mfano unaojulikana sana ni wa Kuba. Aina ya kwanza ilipita kisiwani humo mwaka 1977 bila kuleta vifo vya kutisha, kisha mwaka 1981 ikaja aina ya pili, wakaugua watu zaidi ya 344,000 na kufa 158, wakiwemo watoto 101. Madaktari wa huko walipochunguza ni nani aliyezidiwa, waligundua kwamba wengi walikuwa na maambukizi ya pili, na kwamba pumu, kisukari na sikoseli vilionekana mara nyingi miongoni mwao. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki nako zimewahi kuzunguka aina zaidi ya moja. Kwa hiyo kuugua Dar es Salaam na kupona, jambo ambalo huenda lilimpa kaka moyo kwamba anaujua ugonjwa huu, linaweza kuwa ndilo lililomweka hatarini. Ongeza presha isiyotibiwa sawasawa, ongeza uzito wa mwili.

Kisha kuna ile sindano. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hazitakiwi kwa mgonjwa wa dengue kwa sababu hukera tumbo na kudhoofisha ugandaji wa damu wakati ambao chembe za kugandisha tayari ni chache, na sindano ya msulini yenyewe inaweza kusababisha damu kuvujia ndani ya nyama. Ilikuwa hatari, hilo sitalificha. Lakini kusema kwamba sindano hiyo ndiyo iliyoua ni kusema jambo ambalo hata daktari asingelisema bila kuona majalada. Na nikiitazama, naona pia mgongo wa dereva, simu ya tajiri, na duka linalochoma sindano bila kuuliza mteja anaugua nini.

Kuhusu majani ya mpapai, watu wengi duniani huyatumia wakati wa dengue, na haijathibitishwa kwamba yanaokoa maisha. Hatari yake kubwa ni pale yanapochukua nafasi ya hospitali, na kwa maelezo yako wifi hakuyaweka mahali pa hospitali, kwani alimpeleka mgonjwa siku ya pili na akataka kumrudisha siku ya tano. Kuhusu dripu, mgonjwa anayeweza kunywa mwenyewe anatakiwa anywe, na dripu kwa mgonjwa wa dengue hupimwa kwa saa na kwa uzito wa damu, kwa sababu maji yakizidi hujaa mapafuni na kuua vilevile. Dengue haina dawa maalumu ya kuua virusi. Kinachookoa ni uangalizi unaofika kwa wakati: kwa wanaopatwa na dengue kali, bila matibabu ya kufaa wanaweza kufa hadi 20 kati ya 100, na wakipata uangalizi mzuri hupungua chini ya mmoja kati ya 100. Najua tarakimu hiyo inauma kwa aliyefiwa, maana inasema kwamba saa chache zilikuwa na thamani. Lakini ni nani katika nyumba ile alijua kwamba saa zenyewe ndizo zile homa ilipoondoka?

Sasa nirudi kwenye kiapo chako. Umeniandikia kana kwamba kuna njia mbili, kunyamaza au kumshtaki marehemu. Nauliza kwa upole: je, hakuna njia ya kumtetea wifi bila kufungua kile alichokukabidhi? Mengi niliyoyaeleza hapo juu hayahusu siri yoyote. Kwamba homa kushuka si kupona, kwamba mtu hufa bila kutoka damu, kwamba maambukizi ya pili yanaweza kuwa mabaya zaidi, haya unaweza kuyasema katika kikao bila kutaja sindano wala ubishi wa jioni ile. Faida yake ni kwamba kiapo kinabaki salama. Hatari yake ni kwamba ndugu waliokasirika huenda wasisikilize elimu. Watakuuliza, "Kama ni hivyo, kwa nini hakumrudisha hospitali?" na hapo utakuwa umesimama mlangoni mwa siri yenyewe bila jibu.

Njia nyingine ni kumrudia wifi mwenyewe. Alipokuapisha hakujua, nadhani, kwamba watoto wangetajwa. Anastahili kujua kinachopangwa juu yake, na anastahili kuamua kama bado anataka kunyamaza. Anaweza kukufungua kiapo, au akachagua kuzungumza mwenyewe na mama kwa simu, mwanamke kwa mwanamke, eda ikiwa haimzuii kusema. Hatari ni kwamba habari hiyo itamfikia akiwa katika majonzi, akiwa peke yake, na huenda akaogopa na kukata mawasiliano na Bombo kabisa. Ukiifuata njia hii, chagua saa ambayo ana mtu karibu.

Unaweza pia kumwomba wifi nakala ya muhtasari wa hospitali na kadi za vipimo, umpelekee mganga unayemwamini akusomee. Karatasi zitaeleza siku, saa na hali aliyofika nayo, na mzee kama baba mdogo huenda akaiheshimu karatasi kuliko maneno ya mtoto wa kike. Lakini fahamu kwamba karatasi haichagui cha kusema: inaweza kuonyesha sindano, au ikaonyesha kuchelewa mahali pengine, na lawama ikahama tu kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Jiulize kwanza kama familia inatafuta kuelewa au inatafuta mtu.

Kama itabidi jambo la jioni ile lisemwe, basi naona kuna tofauti kubwa kati ya kusema "kaka alikataa hospitali" na kusema "kaka aliamini amepona, kama sisi sote tulivyoamini alipopiga simu". La pili ni kweli vilevile, na mama analo tayari katika maneno anayoyarudia kila siku. Ni wewe unayemjua mama, kwa hiyo ni wewe utakayejua kama masikio yake yako tayari.

Tuje kwa watoto. Hoja ya familia ni kwamba Mombasa kuna homa na Bombo kuna usalama. Ningeitazama hoja hiyo kwa makini kwa ajili ya yule mvulana. Ni kweli kwamba dengue ni hatari zaidi kwa mwenye sikoseli. Lakini Uganda ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa malaria duniani, na malaria kwa mtoto wa sikoseli ni adui anayejulikana. Wala mbu wa dengue si mgeni kwetu. Virusi vya Zika, ambavyo huenezwa na mbu wa jamii hiyohiyo, viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kumhamisha mtoto kunaweza kuwa sawa au kusiwe sawa, lakini swali la kwanza ni kwamba kliniki yake, dawa zake za kila siku na mtu anayezijua dalili zake viko wapi leo. Bibi yake anampenda. Je, anajua afanye nini akishikwa na maumivu ya mifupa usiku? Na wale wote wawili wamempoteza baba juzi. Kuhusu nani ana haki ya kuwalea, mafundisho ya dini kuhusu hadhana, yaani malezi ya watoto, huanza na mama, na sheria ya nchi nayo ina lake la kusema, kwa hiyo kabla ya mtu kupanda basi ningemwendea kadhi au imamu ambaye baba mdogo anamheshimu, ili neno hilo litoke kinywani mwa mtu mwingine na si mwako.

Kisha mama. Nimeirudia sehemu ile ya barua yako inayosema kwamba kaka alizikwa kabla mama hajafika Malaba. Huenda nakosea, lakini najiuliza kama safari hii kweli ni ya watoto. Mama hakumwona mwanawe akilala, hakumwona akifunikwa, hajaliona kaburi. Pengine anachotaka ni kusimama pale na kuomba dua, na familia imempa sababu nyingine ya kwenda kwa sababu hiyo ya kwanza hakuna aliyemuuliza. Ungeweza kukaa naye siku moja, nyinyi wawili tu, ukamuuliza anataka kuona nini Mombasa. Jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu, na pia linaweza lisibadilishe chochote.

Hofu yako juu ya afya yake ni ya haki. Umri mkubwa, kisukari na presha ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kufa kwa dengue, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba hataumwa na mbu hata mmoja. Kusubiri mpaka mvua ziishe na mlipuko utulie ni jambo la kumwomba, na subira hiyo ingeiacha pia eda ikamilike kwa heshima. Lakini kumzuia kabisa mama aliyefiwa asiende kwenye kaburi la mwanawe nako kuna madhara yake, ambayo hayapimwi hospitali.

Akienda, kabla ya safari amwone daktari wake wa kisukari na amuulize jambo mahsusi: akipata homa akiwa Mombasa, ile aspirini ndogo aifanyeje? Asiiache kwa uamuzi wake, wala asiendelee nayo kwa uamuzi wake. Mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Avae mikono mirefu, apake dawa ya kufukuza mbu, na akilala mchana alale ndani ya chandarua. Kule maji huja kwa mgao, na nyumba nyingi huyahifadhi katika mapipa na mitungi, ambayo ndiyo mazalia yake. Vyombo hivyo vifunikwe vizuri, na kila wiki vimwagwe na kusuguliwa ndani, kwa sababu mayai hushikamana na kuta za chombo na hustahimili ukavu kwa miezi. Kazi hiyo akiifanya pamoja na wifi, watakuwa na jambo la kushika mikononi wakati maneno bado ni magumu.

Na akipata homa, iwe kule au ndani ya wiki mbili baada ya kurudi Bombo, atumie parasetamoli peke yake kwa kipimo alichoambiwa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na mtakayempeleka naye amwambie mganga waziwazi kwamba mama ametoka Mombasa na kwamba ana kisukari. Bila neno hilo atapimwa malaria, ataambiwa haipo au ipo, na atarudishwa nyumbani. Malaria na dengue zinaweza kukaa katika mwili mmoja kwa wakati mmoja, hivyo hata kipimo cha malaria kikisema ndiyo, muulize mganga kuhusu dengue. Homa ikishuka, msimpongeze na kumwacha alale peke yake. Kaeni naye kwa siku mbili zinazofuata, mkiangalia tumbo, matapishi, ubaridi wa mikono na haja ndogo, na mkiona lolote kati ya hayo mrudisheni hospitali hata akisema hataki.

Niandikie tena utakapokuwa umezungumza na wifi.

Mama Mshauri